Mambo Njia Kuu

Kama uliwahi kutoa kopi ya cheti katika mtaa ule, basi unamjua Mama Kopi. Hana mtoto anayeitwa Kopi, na wala hana mtoto. Jina alipewa na wateja, likamganda. Duka lake ni chumba kimoja: mashine ya kunakili yenye kikohozi kisichopona, kompyuta ya kuchapia, kimashine cha kubandikia vitambulisho plastiki, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja umeinuliwa kwa rundo la karatasi zilizoharibika. Hapo ndipo watu wanapoleta barua zao za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, risala za harusi na ratiba za mazishi. Ratiba ya mazishi ya baba yake mwenyewe aliichapa yeye. Akaikagua, akaona nukta imekaa pasipo pake, akaisahihisha, akatoa nakala, akazibana pini, akafunga duka akaenda kuzika.

Hakulia. Hilo liliwakera watu kuliko kifo chenyewe. Mwanamke akifiwa na baba hutazamwa kama birika lililo jikoni, kila mtu anangoja lichemke, na birika hili lilikaa kimya tu. Waliokuja na machozi yao ya kumsindikiza waliondoka nayo. Shangazi yake, dada wa marehemu, alikuja kwa msiba akakaa moja kwa moja, nadhani ili ashuhudie kwa macho yake siku litakapochemka.

"Una moyo au una jiwe humo?" alimuuliza siku moja wakichambua mboga.

"Sijui, shangazi. Sisikii kitu."

Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kuanzia utosini. Alikula bila kuonja, akalala bila kuota, akawatolea watu kopi zao na kuwarudishia chenji sahihi. Ukimwambia pole, anakujibu asante, kwa sauti ile ile anayokuuliza kama unataka upande mmoja au pande zote mbili.

Marehemu alikuwa dereva wa malori, na watu walimwita Mzee Gia. Alistaafu na kiti. Sisemi cheo, nasema kiti: kile cha dereva, alichoking'oa kwenye lori lake la mwisho lilipopelekwa kukatwa vyuma chakavu. Akakipigilia kwenye ubao, akakiweka sebuleni, na hakuna mgeni aliyethubutu kukikalia. Enzi zake, ukimuuliza habari za safari, alikuwa na jibu moja tu, ije mvua lije jua: "Mambo barabara, hata kama barabara ni mbovu." Alilisema hata siku aliyorudi bila kioo cha mbele, vumbi limempaka uso mzima, meno tu ndiyo meupe.

Halafu presha ya macho ikamjia. Jicho moja lilitangulia kuzimika, la pili likafuata. Mtu aliyekuwa akisoma gazeti kuanzia kichwa cha habari hadi matangazo ya vitu vilivyopotea akabaki kuomba asomewe, na kuomba hakukuwa katika damu yake. Ndipo Mama Kopi akamletea kompyuta kuukuu kutoka dukani, ndani yake akaweka programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Ilikuwa ile huria, isiyouzwa. Imetengenezwa na watu wa kujitolea waliotapakaa duniani, wala haimfungii mtu mlango. Ukitaka kuona ilivyoshonwa ndani, unaifungua. Ukiona tundu, unapeleka kiraka chako, wenye kuitunza wakikipenda wanakishona humo, na kuanzia hapo ni cha wote.

Mzee alikaa kwenye kiti chake cha lori, mashine ikamsomea dunia kwa sauti kavu kama ya karani wa mahakama. Akaipenda. Kulikuwa na kasoro moja tu.

Kiswahili kina visa vyake. Barabara ya magari unaikaza karibu na mwisho: barabára. Barabara ya kusema mambo yamekaa sawasawa unaikaza mapema: barábara. Kwenye karatasi ni mapacha, sikio ndilo linalowatofautisha. Hakuna mtoto anayefundishwa hilo, na hakuna anayelikosea. Mashine ililikosea kila mara. Kwake yeye zote zilikuwa njia ya magari. Asubuhi moja ikasoma gazetini kwamba mkubwa fulani amesema maandalizi ya uchaguzi yako barabára.

"Yako njiani!" Mzee akapiga kofi paja lake. "Kwa hiyo bado hayajafika! Leo mkubwa kasema kweli!"

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo nyumba ikapata lugha yake. Umeamkaje, baba? Njia kuu, mwanangu. Chai imekolea? Njia kuu kabisa. Siku presha ikimbana alisema yuko njia ya vumbi, na binti yake akajua ni siku ya kwenda hospitali.

Lakini kicheko kikiisha alikuwa akigeukia upande alikosikia pumzi za binti yake. "Wewe si ndiye mwenye kompyuta? Waambie hao watu wairekebishe. Mimi nacheka kwa kuwa naijua njia na nalijua neno. Wako wengine huko wanachekwa."

"Nitawaambia kesho, baba."

Aliambiwa hivyo mara nyingi, naye kila mara akaridhika. Kesho ni neno tamu, halimchoshi msemaji.

Baada ya msiba, shangazi ndiye aliyekuwa akiwasha mashine asubuhi. Alidai hawezi kumenya viazi kimya kimya. Siku moja ikasoma kwamba timu fulani imejiandaa barabára. Mama Kopi alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani. Akangoja. Alichokuwa akingoja hakukijua mpaka alipoona hakiji: hakuna aliyesema kwamba timu bado haijafika. Shangazi aliendelea kumenya. Mama Kopi alijipapasa rohoni kama mtu anayejibinya mkono uliolaliwa, akakuta hakuna maumivu. Kulikuwa na jambo moja tu, limekaa pale wazi: baba yake aliwahi kumwomba vitu vichache sana maishani, vyote alimfanyia, isipokuwa hiki.

Alipofika dukani akatafuta mahali ambapo watu wa programu ile hupokea malalamiko, akaandika kama anavyoandika mtu aliyelelewa. "Hamjambo nyote. Poleni sana na kazi. Habari za familia? Samahani kwa kuwasumbua, nina jambo dogo." Akaeleza tabia ya mashine, akashukuru, akawatakia afya njema, akatuma.

Jibu likaja kutoka kwa mtunzaji, mtu wa mbali asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, aliyekuwa akipitisha kila kitu kwenye mashine ya kutafsiri. "Usiombe msamaha kwa kazi. Sisi si wagonjwa. Familia zetu si sehemu ya programu. Tafadhali hitilafu ni ipi?"

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri kopi ya hati ya kiwanja alimwona ameitazama skrini kwa muda mrefu. "Vipi, Mama Kopi, wamekutukana?"

"Wamenijibu," alisema, akachukua hati yake.

Akaandika tena, safari hii kavu kavu, kwa mtindo wa tangazo la serikali: neno ni hili, mashine inalisema hivi, sisi tunalisema hivi au hivi. Mtunzaji akafurahi. Akasema karibu. Akasema pia kwamba sauti ya Kiswahili haina mtu wa kuiangalia, ila mwalimu mmoja anayeijaribu tu. Je, angependa kuitengeneza mwenyewe? Mama Kopi aliona ajabu. Umepeleka kiatu kwa fundi, fundi anakupa sindano.

Lakini sindano akaipokea. Aliyekufa ganzi hana cha kuogopa, hiyo ndiyo faida yake pekee. Mtunzaji akamwelekeza kwenye faili refu lenye maneno ya Kiswahili na namna ya kuyatamka, mstari kwa mstari, akamwambia aongeze mstari mmoja. Mama Kopi akalifungua, na alichokiona kilimkera. Nafasi hazikulingana. Mistari mingine iliingia ndani, mingine ilitoka nje, kama meno ya mtoto. Yeye ni mchapaji, na mchapaji hapeleki kazi chafu. Akaketi alasiri nzima akinyoosha faili lote, kisha mwishoni akaongeza mstari wake, akatuma.

Kiraka chake kilirudishwa kikiwa na alama nyekundu. "Umegusa kila mstari," mtunzaji aliandika. "Tuliomba mmoja. Sasa hatuoni ulichobadilisha."

"Nimewasafishia," alijieleza.

"Usisafishe. Hapa kila mtu hugusa pale tu palipouma."

Hilo lilimkaa kichwani. Alirudia kazi upya, akaziacha nafasi zikiwa zimepinda vile vile ingawa mkono ulikuwa ukimwasha, akaweka mstari mmoja: barabara itamkwe barábara. Alama ikawa ya kijani. Akajiona amemaliza.

Siku iliyofuata akapata ujumbe kutoka kwa yule mwalimu anayejaribu sauti. Alikuwa mtu asiyeona, anafundisha watoto wasioona wenzake, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani. "Dada, hongera na pole. Nimewasha kiraka chako darasani katika somo la usalama. Mashine ikatuambia tusimame na kusikiliza kabla ya kuvuka sawasawa. Darasa zima likaniuliza, mwalimu, na wale wanaovuka ovyo wasimame wapi?"

Zamani angecheka. Sasa aliona tu kwamba kiraka kimekataa. Mzee alikuwa na maneno yake kuhusu wakandarasi: shimo utalikwepa, kiraka kibaya kitakurusha. Akamjibu mwalimu, "Samahani. Nitafanyaje?"

"Neno ni kama mpangaji," mwalimu aliandika. "Usipomjua, ulizia kwa jirani. Likitanguliwa na 'mambo', unajua ni lipi. Likitanguliwa na 'vuka', unajua pia. Kusanya majirani."

Basi akakusanya majirani. Kila barua aliyochapa aliisoma kwa jicho hilo. "Nimeyaelewa barabara maelekezo yako": jirani ni kuelewa. "Mradi uko barabara": jirani ni uko, kwa sababu kama ungekuwa njiani mwandishi angesema barabarani. Wateja wa kwenye benchi wakaambukizwa. Watu waliokuja kubandika plastiki kwenye vitambulisho walikaa wakibishana kama wabunge. Kinyozi wa jirani alishikilia kwamba "sikiliza barabara" ni ya usawasawa, na wote wakakubali, lakini "shika barabara" ikazua kasheshe.

"Shika barabara, maana yake kamata kwa nguvu!" alisema kinyozi.

"Mimi nikikwambia shika barabara, utakamata nini?" fundi cherehani akamjibu. "Utaondoka. Maana yake fuata njia, wende zako!"

"Basi niambie uone kama nitaondoka."

Mama Kopi akaliacha lile nje ya orodha. Wanadamu wenyewe hawajakubaliana, kwa nini amtwishe mashine? Akatuma kiraka cha tatu. Mwalimu akakijaribu akasema sasa panapitika.

Likabaki jambo moja. Mtunzaji akamweleza kwamba kila kiraka lazima kije na sentensi ya mtihani. Mtu yeyote, popote, atakapogusa sauti ya Kiswahili, mashine itatamka kwanza sentensi hiyo. Ikiikosea, mabadiliko yake yanakataliwa. "Sentensi itabaki humo miaka yote," aliandika. "Tupe moja yenye barabara zote mbili."

Mama Kopi alikuwa na mteja mbele yake, anambandikia leseni plastiki. Kwa mkono wa pili akachapa bila kufikiri, kama mtu anavyoandika jina lake: Mambo barabara, hata kama barabara ni mbovu. Akatuma, akampa mteja leseni yake, ya moto moto. Ndipo alipotazama skrini akaona alichoandika.

"Nzuri," mtunzaji alijibu. "Ina maana gani?"

"Maana yake ni kwamba dereva yuko salama," aliandika.

"Asante. Yote ni kijani. Ukithibitisha, tunakiunganisha."

Hakuthibitisha. Alifunga duka akaenda nyumbani, akamweleza shangazi kwamba kazi imekwisha na kinachobaki ni kubonyeza. Alidhani atapongezwa. Shangazi aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo haitasema tena njia?"

"Haitasema, shangazi. Itasema sawasawa."

"Basi iache." Sauti yake ilikuwa ya ukali. "Asiyekuwapo na lake halipo. Nguo zake tumegawa. Viatu tumegawa. Kosa hilo ndilo lililobaki la kaka yangu humu ndani, na wewe unataka kulinyoosha. Kila nikilisikia namsikia anacheka. Wewe humsikii?"

"Simsikii," alisema Mama Kopi. Na kwa mara ya kwanza kutosikia huko kulimtia hofu. Kama shangazi anamsikia ndani ya kosa, huenda na yeye angemsikia siku moja, akingoja vya kutosha. Akishabonyeza, hapatakuwa na cha kungojea. Basi akangoja. Asubuhi mashine ilisema barabára, shangazi alitabasamu akiwa na viazi vyake, na yeye alisimama mlangoni akijibinya. Hakusikia kitu. Mtunzaji aliuliza kama kuna tatizo, hakujibu. Wateja waliulizia matokeo ya ubishi wao, akawaambia bado.

Aliyemtoa hapo ni mwalimu. "Dada, sikuharakishi," aliandika. "Ila jana tulikuwa na wageni shuleni, na msichana wangu mmoja alikuwa msemaji. Hotuba yake ilikuwa kwenye mashine, anaisikiliza sikioni na kuirudia kwa sauti. Amezoea kuifuata kama ilivyo. Akasema, tumejiandaa barabára kuwapokea. Wageni wakaangua kicheko. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini mtoto alinyamaza, akakaa chini, hotuba hakuimaliza. Ndiyo maana nauliza."

Mama Kopi aliusoma ujumbe ule mara moja tu. Wako wengine huko wanachekwa. Baba yake alikuwa amelisema akiwa ameshamaliza kucheka, amegeuza uso kuelekea alikodhani yeye yuko, na mara nyingine alikuwa akikosea kidogo, akaongea na kabati. Akabonyeza.

Toleo jipya lilipotoka, alilipakua kwenye kompyuta ya nyumbani siku duka likiwa limefungwa, jua la mchana limeingia hadi katikati ya sebule. Shangazi alijifanya ana kazi jikoni, akaziparuza sufuria safi. Meza ilikuwa mbele ya kiti cha lori, na hapakuwa na kiti kingine karibu. Mama Kopi akakikalia. Hakuwahi kukikalia. Kilikuwa na shimo upande wa kulia, mahali pa mtu aliyezoea kuegemea dirisha, na mwili wake ukateleza humo wenyewe.

Akachapa sentensi ya mtihani, akaiambia mashine isome.

"Mambo barábara," ilisema ile sauti kavu ya karani, "hata kama barabára ni mbovu."

Ilisema sawasawa, zote mbili, kila moja mahali pake. Hakuna mwalimu wa Kiswahili ambaye angeikuta na kosa. Mama Kopi akangoja, kwa mazoea ya miaka, akiacha nafasi ya yule anayecheka. Nafasi ikawa ndefu. Akaelewa kwamba hakuna kitu cha kuchekwa tena, na kwamba hata kingekuwepo, mchekaji hayupo. Hayupo kwenye kiti, kwa sababu kwenye kiti yupo yeye. Ganzi ikaachia kama inavyoachia mguuni, kwa kuchoma kwanza. Ikamchoma kifuani, kooni, ndani ya macho, na alipofungua mdomo apumue ikatoka sauti ambayo hakujua anayo.

Shangazi alikuja mbio, sufuria mkononi. "Nini? Imefanya nini? Imeharibika?"

Mama Kopi alitikisa kichwa. Alikuwa ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili, na machozi yanamwingia mdomoni.

"Imetengenezeka, shangazi," alisema. "Imetengenezeka."